Je, Mhindi Naye ni Jirani Yangu?

 

Dominika hii Mama Kanisa anatuwekea mezani mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37). Ni Injili tuliyoizoea mno, na kwa kuizoea tumeinyang'anya makali yake. Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wanaiigiza, kwaya zinaiimba, na siku hizi "msamaria mwema" ni jina la mtu yeyote aliyerudisha simu iliyookotwa kwenye daladala. Tunasahau kwamba Myahudi aliyemsikiliza Yesu siku ile hakuona wema wowote katika neno "Msamaria". Kwake huyo alikuwa mtu wa dini iliyopotoka, aliyeabudu katika mlima Gerizimu badala ya Yerusalemu, mtu ambaye jina lake lilitumika kama tusi. Na huyo ndiye aliyewekwa na Bwana kuwa mwalimu wa kuhani na Mlawi.

Wala Yesu hakufanya hivyo kwa kudhani kwamba dini ya Wasamaria na ya Wayahudi ni mamoja. Yule mwanamke Msamaria kisimani aliambiwa waziwazi kwamba wokovu watoka kwa Wayahudi (Yn 4:22). Bwana aliyashika mambo mawili kwa mkono mmoja: ukweli wa imani haubadiliki, na mtu aliye nje ya imani hiyo aweza kukutangulia katika mapendo. Mkristo anayeshika la kwanza na kuliacha la pili hajaishika Injili. Anayeshika la pili na kuliacha la kwanza naye hajaishika.

Tunayasema haya kwa sababu. Majuma machache yaliyopita, katika mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tulisimulia kwamba tulipokuwa masomoni Ulaya tuliwahi kulitembelea hekalu la Wahindu na kuzungumza na mzee mmoja wa Kihindi. Haikupita wiki, maneno yakaanza. Mmoja aliandika kwamba padri aliyekanyaga nyumba ya sanamu anapaswa kuombewa kabla ya kupanda tena altareni. Mwingine aliuliza, kwa maneno makali zaidi, iwapo tumeshaanza kufundisha kwamba dini zote ni sawa. Wa tatu hakuwa na hoja ya dini. Alisema tu: "Padri, hao Wahindi unawajua wewe?" Tungeweza kunyamaza. Lakini maneno yaliyosemwa hadharani yastahili jibu la hadharani.

Kwanza tuseme ilivyokuwa. Mwaka 2019, wakati wa likizo, tulikuwa tukisaidia huduma katika parokia moja ya London. Kaskazini-magharibi ya jiji hilo, mahali paitwapo Neasden, lipo hekalu kubwa la Wahindu wa jumuiya ya Swaminarayan, lililofunguliwa mwaka 1995. Mawe yake ni chokaa kutoka Bulgaria na marumaru kutoka Italia. Yalipelekwa India yakachongwa kwa mikono, kisha yakasafirishwa hadi Uingereza na kuunganishwa kipande kwa kipande, kwa msaada mkubwa wa watu waliojitolea. Wageni wa dini zote hupokewa. Mtu huvua viatu mlangoni na kunyamaza ndani, na wanaume na wanawake huketi mahali tofauti.

Mlangoni, penye rafu za viatu, alikuwapo mzee wa miaka sabini na kitu, aliyejitolea kuwapokea wageni. Alitazama kola yetu, akatazama uso wetu, akauliza kwa Kiingereza tumetoka wapi. Tuliposema Tanzania, alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu kama mtu afunguaye sanduku la zamani: "Basi karibu, ndugu. Mimi ni mtu wa Jinja." Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akacheka, akajibu, "Marahaba, Padri."

Alizaliwa Uganda, na baba yake alikuwa na duka. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alipotangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika siku 90, yeye alikuwa kijana wa miaka 24. Waliacha duka, nyumba na kaburi la majivu ya babu ambaye hakuwahi kuishi mahali pengine tangu ujana wake. Takriban watu 28,000 walipokewa Uingereza katika miezi ile, na wengi wao walianzia katika kambi za zamani za jeshi zilizoandaliwa kwa haraka. Si wote waliowataka. Halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasiende huko. Mzee wetu alifika kambini wakati wa baridi akiwa na shati la Jinja. Siku ya pili akina mama wa parokia ya Kikatoliki ya jirani walikuja na makoti. Mmoja wao alimvalisha koti, akamfunga vifungo kama mtoto, akaondoka. "Hakuniuliza dini yangu," alisema mzee. "Mimi nilijua yake, kwa sababu alikuwa na msalaba shingoni."

Ndipo alipotuuliza swali ambalo ndilo kiini cha tafakari hii. Aliuliza: "Padri, huko kwenu siku hizi mnatuitaje?"

Tulimwambia kweli. Tulimwambia kwamba wapo wanaowaita majirani, na wapo wanaowaita ponjoro na gabacholi. Hakukasirika. Alisema: "Nasi nyumbani tulikuwa na neno letu la kuwaita ninyi, nalo halikuwa zuri. Mama yangu alilitumia mbele ya yaya aliyenilea." Kisha ibada yao ya taa ikakaribia, akaenda kuketi na wenzake. Sisi tuliketi nyuma, kimya. Hatukuinama mbele ya sanamu, hatukuimba. Baadaye alituletea kitamutamu kilichokuwa kimetolewa sadaka, tukamshukuru na kumweleza kwa nini hatuwezi kukila, kwa maana Mtume Paulo ameliweka wazi jambo hilo (1 Kor 10:28). Aliinamisha kichwa, akatuletea chai ya kawaida. Hayo ndiyo yaliyotokea, wala hakuna zaidi.

Sasa tujibu hoja moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni Amri ya Kwanza: usiabudu miungu mingine. Amina! Hakuna anayeifuta, na padri asiyeiamini avue stola. Lakini kuabudu ni tendo la moyo na la mwili mbele ya yule unayemkiri kuwa Mungu wako. Kuingia, kuketi na kumsikiliza mtu si kuabudu. Mtume Paulo alizunguka mji wa Athene, akaziangalia madhabahu zao moja baada ya nyingine mpaka akaona ile ya mungu asiyejulikana, na hapo ndipo alipoanzia kuhubiri (Mdo 17). Moyo wake ulichukizwa na sanamu, lakini miguu yake haikukimbia. Kama angefuata ushauri wa baadhi ya wanajumuiya wetu, Athene isingesikia Habari Njema kutoka kinywani mwake.

Na kwa kuwa tumeguswa kuhusu sanamu, tuzungumze basi juu ya sanamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba ibada ya sanamu haikomi katika upagani wa kale. Ipo kila mahali mtu anapokipa kiumbe heshima ya Mungu, kiwe mamlaka, anasa, taifa, wazee wa kale au fedha. Tunauliza kwa upendo na bila kumumunya maneno: ni nani katika parokia zetu anayevaa rozari shingoni na hirizi kiunoni? Ni nani anayepokea Ekaristi asubuhi, na jioni anavuka mto kwenda kwa mganga kutafuta nyota ya biashara? Ni nani aliyenunua maji na mafuta ya muujiza kwa nabii wa mjini, akayaficha nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu? Yule mzee wa Neasden hakuahidi kumwabudu Mungu wa utatu kisha akamgeuka. Sisi tuliobatizwa ndio tuliotoa ahadi hiyo. Anayetafuta sanamu za kuvunja aanze na zilizo ndani ya nyumba yake.

Hoja ya pili inasema: tukiwaheshimu Wahindu na dini yao, tumemkana Kristo aliye njia pekee. Hapa msomaji asome Kanisa lenyewe linasema nini. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipitisha tamko la Nostra Aetate kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Tamko hilo linawataja Wahindu kwa jina. Linafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo, na papo hapo linasema kwamba Kanisa lina wajibu wa kumtangaza daima Kristo. Mambo yote mawili yamo katika aya moja. Tena mwaka 2000, Kanisa lilipotoa tamko la Dominus Iesus, lilikaza kwamba Yesu Kristo ndiye mwokozi wa pekee wa watu wote. Hilo nalo tunaliungama kwa kinywa kipana. Anayedai kwamba dini zote ni sawa hajawaheshimu Wahindu, amewadharau, kwa sababu anawaambia kwamba yale wanayoyaamini kwa dhati hayana uzito wa kutosha hata kutofautiana nayo. Mzee yule hakututaka tuwe Wahindu kwa saa moja. Alitutaka tuwe wageni wenye adabu, na padri wa kweli.

Mtu huhubiriwa na anayemjua jina. Ni vipi utamtangazia Kristo jirani ambaye hujawahi kumpa hata "habari za asubuhi"? Tunasema mara nyingi kwamba Wahindi ni wagumu kuongoka. Tuulize kwanza ni mara ngapi walialikwa, na kwa lugha gani. Mtu uliyemwita ponjoro Jumamosi sokoni hawezi kuiamini Habari Njema yako siku ya Dominika.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na hatutaipita kwa kuvuka upande wa pili kama yule kuhani. Inasema: wao ndio wanaotudharau sisi, na huko kwao wanawatesa Wakristo. Ni kweli kwamba dharau ipo. Mzee mwenyewe alikiri. Mwishoni mwa Januari 2016 binti wa Kitanzania aliyekuwa mwanafunzi huko Bengaluru alishambuliwa na kundi la watu kwa kosa lisilokuwa lake, na mwaka 2017 vijana wa Kiafrika walipigwa huko Greater Noida. Ni kweli pia kwamba Wakristo wameteswa. Mwaka 2008 katika wilaya ya Kandhamal, jimbo la Odisha, makanisa yalichomwa, Wakristo waliuawa na maelfu walikimbilia misituni. Mwaka 2021 Padri Stan Swamy, Mjesuiti mwenye umri wa miaka 84 aliyewatetea watu wa makabila maskini, alifariki angali mahabusu. Tunawalilia ndugu hao, na hatumwombi mtu yeyote awasahau.

Lakini tuipime hoja yenyewe. Mzee aliyefukuzwa Jinja, anayepanga viatu mlangoni London, alichoma kanisa gani huko Odisha? Tukikubali kwamba kila mtu abebe damu iliyomwagwa na wenye dini yake, tujiandae kubeba ya kwetu. Mwaka 1994 nchini Rwanda, Wakristo waliobatizwa waliwaua Wakristo waliobatizwa, wengine ndani ya makanisa yenyewe. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za wana wake katika mauaji yale. Je, tungependa Mhindu wa Dar es Salaam akimwona Mkatoliki aseme, "Hao unawajua wewe?" Kipimo tunachowapimia wenzetu ndicho tutakachopimiwa (Mt 7:2).

Na hata yale mateso hayatupi ruhusa ya kuwachukia Waasia. Amin naye alidai kwamba ana sababu. Alisema Waasia wanakamua uchumi na hawachanganyiki na wananchi, na wako waliomshangilia. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, hakushangilia. Alikilaani kitendo kile waziwazi kuwa ubaguzi wa rangi, wakati ambapo viongozi wengi wa Afrika walinyamaza. Na wale walioshangilia Kampala hawakungoja sana kabla hawajagundua kwamba mkono uliomfukuza Mwasia ndio uleule uliowamaliza Waganda wenyewe. Mwaka 1977 uliwafikia Wakristo, alipouawa Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum. Chuki haina jirani. Ikimaliza nyumba ya mgeni huhamia kwa mwenyeji.

Wapo watakaosema: lakini, Padri, tunalipwa mshahara wa njaa katika maduka na viwanda vyao. Ndugu zetu, palipo na dhuluma isemwe. Mtume Yakobo anasema kwamba ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yak 5:4). Nendeni kwenye chama cha wafanyakazi, nendeni kwa ofisa kazi, mje na kwetu tuwasindikize. Lakini dhalimu aitwe dhalimu, asiitwe Mhindi. Kwani binti wa kazi za ndani anayelala jikoni na kulipwa baada ya miezi mitatu, analipwa hivyo na Mhindi? Wengine wanaomlipa hivyo huketi benchi la mbele katika Misa ya kwanza.

Tena tukumbuke ni nani hao tunaowatupa wote katika kapu moja. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na Wagoa, watoto wa imani ile, ndio waliokuwa miongoni mwa walei wa kwanza kujaza mabenchi ya parokia nyingi za miji ya Afrika Mashariki. Leo wapo masista na mapadre kutoka Kerala wanaofundisha na kuwauguza watu wetu. Hata tunapotangaza mchango wa kanisa, tunahesabu pesa na laki, nayo ni maneno yaliyokuja na majahazi kutoka Bara Hindi. Anayesema "Mhindi" akiwa na maana ya "mpagani" amewatukana na ndugu zake wa Ekaristi.

Basi tufanye nini? Tunayo mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, ulimi. Tunaziomba Jumuiya zote zikubaliane kwamba maneno yale mawili tuliyoyataja, na mengine ya aina yake, hayatatamkwa tena nyumbani mbele ya watoto. Mtoto hazaliwi nayo. Anayasikia mezani, mara nyingi kabla ya sala ya chakula.

La pili, salamu. Kila mwaka Vatikano huwatumia Wahindu wote duniani salamu za sikukuu ya Diwali. Kama Roma haioni aibu kuwasalimu, kwa nini parokia yetu ione? Sikukuu hiyo ikifika, mwenye jirani Mhindu amgongee mlango, ampe heri, aulize habari za wazazi wake. Hatusemi ashiriki ibada. Tunasema amsalimu. Waamini wanaopita Mtaa wa Kisutu jijini Dar es Salaam kila siku, mbele ya mahekalu yao, waache kuvuka barabara kana kwamba kuna ukoma.

La tatu, wazee. Yule mzee alituambia kwamba mkewe amefariki na watoto wake wako kazini tangu asubuhi, hivyo hekalu ndilo linalomjua. Hapo ana kazi, ana wenzake, ana mtu atakayeuliza asipoonekana. Tunauliza: mzee Mkatoliki wa kigango chetu asipoonekana Dominika mbili, ni nani anayeuliza? Tunaomba WAWATA na VIWAWA waandike orodha ya wazee wote wanaoishi peke yao katika kila Jumuiya, na kila mzee apate mtu mmoja wa kumtembelea kila juma. Katika orodha hiyo msiulize dini. Kama katika mtaa wenu yupo bibi wa Kihindi aliyeachwa na wanawe waliohamia Uingereza au Kanada, jina lake liandikwe pamoja na mengine.

Mwanasheria wa Injili aliuliza, "Jirani yangu ni nani?" ili apate kujua ni wapi mapendo yake yanaruhusiwa kukoma. Yesu alikataa kumchorea mpaka. Alimwonyesha mtu wa dini nyingine aliyepiga magoti barabarani akimhudumia mwenzake, akamwambia aende akafanye vivyo hivyo. Wale akina mama waliopeleka makoti kambini mwaka 1972 waliielewa Injili hii kuliko wengi wetu tunaoihubiri. Orodha za wazee zifike ofisi ya parokia kabla ya Dominika ijayo.

Tunawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.